Cherehani Ikinyamaza

Anayesema fulani ni mpole kama kondoo hajawahi kulala ukuta mmoja na kondoo. Mbuzi ana kelele, sikatai, lakini mbuzi hulia kama mtu aliyekanyagwa mguu sokoni: anapiga ukelele, anasahau, anaendelea na safari yake. Kondoo sivyo. Kondoo akishaamua kwamba kitu fulani ni haki yake, atalia mpaka mtaa mzima ujue nani kamnyima.

Sisi tunao wanne. Wanakaa uani, nyuma ya nyumba tuliyopanga. Chumba cha mbele kinatazama barabara, na hapo ndipo binti yangu alipoweka cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, na kioo kirefu kinachowafanya wateja wote waonekane wembamba kidogo kuliko walivyo. Kioo hicho kimemletea wateja wengi kuliko mikono yake. Mtaa mzima humwita Fundi, na hata mimi niliyemzaa humwita hivyo, maana akiwa anashona ukimwita jina lake haitiki. Mume wake, mkwe wangu, anauza mboga sokoni. Mwenye nyumba wetu ni muuguzi hospitalini, mwanamke wa rika la Fundi, anakaa nyumba ya pili, na chumba chake cha kulala kimepakana na uani kwetu. Wakati ule alikuwa zamu ya usiku. Sisi tukiamka, yeye ndiyo kwanza anavua viatu.

Nilipohamia kwa Fundi baada ya miguu yangu kuanza kunigomea, nilikuwa mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa mto wa kuegemea. Nikishika ufagio, unachukuliwa. Nikisogelea sufuria, naambiwa, "Mama, kaa tu upumzike." Nikakaa. Nikapumzika mpaka nikachoka. Mtu asiyejua uchovu wa kupumzika asikucheke; nao ni uchovu, tena mbaya, kwa sababu huna wa kumlaumu.

Ndipo jioni moja mkwe wangu akarudi kutoka sokoni na kikapu cha kabichi upande mmoja na mwanakondoo kwapani upande mwingine. Mwenzake wa kibanda cha jirani alikuwa anahamia mahali pasipo na uani, akamwachia. Mkwe wangu ni mtu wa heshima, mbele yangu hazungumzi mengi. Alisimama mlangoni akiangalia miguu yake.

"Mama," alisema, "samahani. Huyu hana pa kwenda."

"Na mimi nilipokuja sikuwa na pa kwenda," nikamjibu. "Mlete."

Fundi alicheka ndani, nikamsikia. Huyo mwanakondoo ndiye Shangazi. Alipewa jina hilo kwa sababu hata akiwa mdogo alikuwa anaingia popote bila hodi na kukagua masufuria. Alipokua tulimpeleka kwa mfugaji mmoja ng'ambo ya reli, akakaa huko kidogo, akarudi na siri yake tumboni. Akazaa pacha: Kofia, mweupe mwenye kichwa cheusi, na Sabuni, mweupe kotekote mpaka aliposimama mara ya kwanza kwenye matope. Baadaye akazaa dume, Bwana Mkubwa, aliyehasiwa mapema ila hakuna aliyemwambia. Hawa si kondoo wa kuliwa. Mteja akiuliza, "Fundi, mnamchinja lini yule mnene?" Fundi hamjibu kitu, anamkaza tu utepe kiunoni mpaka mtu anyamaze.

Kuwalisha ikawa kazi yangu, na hakuna aliyeninyang'anya. Asubuhi natoka na mundu na gunia, nakata majani kando ya njia ya reli, pale ambapo magari hayayatii moshi. Nayaacha kwanza yakauke umande, kwa maana majani mabichi yenye maji humjaza kondoo upepo, tumbo likawa ngoma. Mkwe wangu ananiletea majani ya nje ya kabichi, yale yasiyouzika, na majani ya karoti, na mashina ya viazi vitamu. Kabichi nawapa kidogo, kama mtu anayetia chumvi. Pumba naziweka kwenye karai pana, siyo ndoo, kwani ndoo ina mdomo mmoja na Shangazi ana kichwa kikubwa. Jiwe la chumvi limefungwa kwenye nguzo wanalamba watakapo. Kila siku nilikuwa nikiwalisha chakula kikubwa adhuhuri, Fundi anapoacha kushona ili tule. Yeye anasukuma kiti nyuma, mimi nainuka na karai langu, na wote, watu na kondoo, tunakula kwa wakati mmoja. Nilipenda hivyo. Niliona ni adabu.

Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna aliyejua kwamba tunakosea.

Kwanza walianza kulia nyakati zisizo na maana. Asubuhi katikati, mee. Alasiri, mee. Wakinyamaza, kimya kabisa, kisha wote wanne kwa pamoja kama watu walioona moto. Tukasema ni kiu, nikaongeza maji. Tukasema ni nzi, mkwe wangu akachoma majani ya kufukizia. Jirani mmoja alisema kondoo wakilia hovyo wameona mzimu. Fundi akamwambia mzimu gani atakayepanga nyumba yenye uani mdogo hivi. Mimi nikasema ni njaa. Na kwa kuwa nilimwogopea Muuguzi usingizi wake, kila walipolia nilikimbia, kama mimi bado ni mtu wa kukimbia, nikawatupia majani. Wakanyamaza papo hapo. Nikaona nimepata dawa. Kumbe nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa.

Aliyegundua ni Fundi. Siku hiyo alikuwa anashona sare za wanakwaya kwa uzi mbovu aliouziwa, unakatika kila baada ya shubiri. Uzi unakatika, anasimamisha cherehani, kondoo wanapiga kelele. Anatunga sindano, anaanza kukanyaga, kondoo kimya. Akaniita.

"Mama, njoo ukae hapa. Sikiliza."

Akakanyaga. Cherehani ikaimba ile sauti yake ya takata-takata. Uani kimya. Akainua miguu. Kabla gurudumu halijasimama vizuri, mee, mee, meeee. Akakanyaga tena. Kimya. Akainua. Mee.

"Unaona?" alisema, na machozi ya kicheko yanamtoka. "Cherehani ikinyamaza, wanajua chakula kinakuja. Umewafundisha kazi, Mama. Wanajua kufunga na kufungua duka kuliko mimi."

Nilicheka naye, lakini cheko langu lilikuwa fupi. Nilikuwa nafikiria mtu aliyelala nyuma ya ule ukuta.

Tulichofanya baada ya hapo, nakisema wazi ingawa kinachekesha, kilikuwa ni ujinga wa watu watatu wenye akili zao. Tuliamua kwamba cherehani isinyamaze. Basi. Fundi akiinuka kumpima mteja, mimi nakaa kitini na kukanyaga. Fundi akienda kupiga pasi, nakanyaga. Akitunga uzi, anatoa gurudumu la juu kwenye kazi ili sindano isitembee, miguu inaendelea chini kama ya bata majini. Mkwe wangu akirudi mapema anakaa yeye, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba magunia, magoti yamegonga meza, anakanyaga hewa.

Mteja mmoja, mwalimu wa chekechea aliyekuja kujaribu gauni, alinitazama kwa muda mrefu kwenye kioo.

"Bibi anashona nini?" akamwuliza Fundi kwa sauti ya chini, kama watu wanavyouliza habari za mgonjwa.

"Anashona usingizi wa mwenye nyumba," Fundi akamjibu, huku mdomoni ana pini.

"Aha," mwalimu akasema. Akaondoka bila kuuliza zaidi, na nina hakika huko alikokwenda alisema yule bibi hali yake si nzuri.

Kukanyaga kwenyewe kulikuwa kunanimaliza magoti. Na kondoo si wajinga. Wakaanza kuitambua cherehani inayofanya kazi na cherehani inayodanganya. Ile yenye nguo chini ya sindano ina uzito, ile tupu inakwenda mbio kama mtu mwenye uongo. Shangazi alikuwa anainua kichwa, anasikiliza, anasema mee moja ya kuuliza. Moja tu. Kama mtu anayekohoa mlangoni.

Halafu mkanda ukakatika. Ulikuwa mkanda wa ngozi, wa zamani, na tulikuwa tumeuchosha kwa kazi isiyo kazi. Ilikuwa asubuhi, Muuguzi amerudi tu kutoka kazini. Mkanda ulilia pa, ukamchapa Fundi mguuni, na cherehani ikanyamaza bila mtu wa kuiendeleza. Fundi akakimbilia fundi wa baiskeli kutafuta kipande cha kuungia. Mimi nikabaki na kondoo wanne wanaolia kana kwamba wanachunwa. Nikiwapa, wanazidi kujua. Nisipowapa, wanazidi kulia. Nikasimama katikati ya uani na karai tumboni, nisijue niende mbele au nyuma.

Mlango wa uani ukafunguliwa, Muuguzi akaingia. Alikuwa amejifunga khanga juu ya gauni la kulalia, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Alikaa kwenye gogo langu bila kukaribishwa, akawaangalia kondoo. Ningefurahi zaidi kama angefoka.

"Mama, mimi sina ugomvi na nyinyi," alisema. "Lakini usiku wa kuamkia leo nilikuwa na vidonge mkononi vya mgonjwa mmoja, nikasimama kwenye kitanda cha mwingine. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniambia, Sista, hivi sivyo vyangu. Unanielewa? Ni usingizi. Silali. Nikifumba macho, wanaanza."

"Nakuelewa."

"Sitaki kumwua mtu kwa ajili ya kondoo."

Nikaliweka karai chini.

"Nitakwenda kulala kwa dada yangu wiki hii," akaendelea. "Nyumba yake ina watoto lakini watoto huenda shule. Nikirudi, wakiwa bado hivi, tutafute pa kuwapeleka. Nakuomba kama mzazi wangu."

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Huhitaji kuomba."

"Nakuomba hata hivyo."

Shangazi akaja akamnusa goti. Muuguzi hakumfukuza. Alimkuna katikati ya masikio, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mnafanana na wodi yangu," akamwambia kondoo, siyo mimi. "Wakisikia magurudumu ya toroli la chakula, kila mtu ana njaa, hata aliyekatazwa kula. Ila ile siku toroli la mashuka liliharibika, wakawa wanabebea mashuka kwenye toroli la chakula. Likapita na mashuka. Likapita tena na mashuka. Mwisho wakaacha hata kuinua vichwa." Akainuka, akajifunga khanga vizuri. "Haya. Kwaheri, Mama."

Fundi aliporudi na kipande cha mkanda nilimweleza yote. Alikaa chini.

"Basi," alisema. "Muuza nyama wa kona amekuwa akimwangalia Bwana Mkubwa siku nyingi."

"Hutamwita muuza nyama."

"Nani mwingine atachukua kondoo wanne, Mama? Wanaokaa humu mtaani wote ni wapangaji." Alikuwa anaushona mkanda kwa uzi wa viatu, hanitazami. "Nitakutafutia kitu kingine cha kufanya. Nakuahidi."

"Kama nini?"

Akafikiri. "Kukata nyuzi za ziada kwenye nguo."

"Kwa macho haya? Nitakukatia mkono wa gauni."

"Kupokea wateja."

"Nimpokee nani, wakati wameshajua nashona hewa?"

Hakucheka. Akaacha sindano, akaniangalia, na nikaona ameelewa kitu ambacho sikuwahi kumwambia kwa mdomo: kwamba bila karai lile ningerudi kwenye mto wa kuegemea, na kutoka kwenye mto huo mtu wa umri wangu huinuka kwa shida sana.

"Unataka nini, Mama?"

"Nataka toroli la mashuka," nikasema. Ikabidi nimweleze.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Cherehani ikinyamaza, kisije kitu. Kamwe. Chakula kije wakati cherehani inaimba, kije asubuhi leo, alasiri kesho, kije muda wowote isipokuwa ule wa kimya. Na Fundi asiogope kusimama. Asimame mara nyingi awezavyo, akate uzi makusudi, ainuke akanywe maji, ili kimya kiwe kitu cha kawaida kisicho na karai nyuma yake.

Siku ya kwanza walilia kuliko walivyopata kulia tangu wazaliwe. Fundi anasimamisha cherehani, wao wanaanza, mimi nakaa kwenye gogo nimewapa mgongo. Wanalia mpaka sauti ya Sabuni inakauka inabaki pumzi tu. Kofia alikuja akaniuma ncha ya khanga, akaivuta. Bwana Mkubwa akanipiga kichwa mgongoni, siyo kwa ubaya, kama mtu anayegonga mlango. Nikakaa. Uvumilivu si kitu kikubwa kama watu wanavyousifu. Mara nyingi ni makalio tu yanayokataa kuinuka.

Kilichoniuma ni kwamba walikuwa na haki. Sisi ndio tuliowaambia kimya maana yake ni chakula. Sasa tunawaambia si kweli, na hatuna maneno ya kuwaelezea. Nilijikuta naongea nao nimewageuzia kisogo. "Mtakula," nawaambia. "Mtakula, lakini si kwa amri yenu."

Baada ya hapo sauti zilianza kupungua, tukafurahi. Kisha zikarudi ghafla, tena kali. Nikashangaa. Zikapungua tena, zikarudi tena alasiri moja, na hapo nikanusa mkono wa mtu. Nikaenda taratibu kupitia kando ya nyumba. Nikamkuta mkwe wangu ameinama juu ya ua wa banda, na mbele ya shati lake limetuna upande mmoja. Aliponiona alisimama wima kama askari. Jani la kabichi likamtoka chini ya shati, likaanguka katikati yetu.

Tukaliangalia jani lile, sote wawili.

"Mama," alisema, "nilikuwa napita tu."

"Naona. Na kabichi nayo ilikuwa inapita."

Masikio yake yalibadilika rangi. Kati ya mkwe na mama mkwe kuna mambo hayasemwi, na mimi sikutaka kumvunjia heshima mtu anayenilisha. Lakini yeye mwenyewe akasema, akiwa anaangalia jani: "Sabuni sauti imemkauka. Siwezi kumsikia hivi, Mama. Ninarudi sokoni masikio bado yananiuma."

"Hata mimi," nikamwambia. "Kaa hapa."

Nikampisha nusu ya gogo. Hakukubali kukaa gogo moja na mimi, hilo lingekuwa kubwa mno kwake. Alichuchumaa pembeni kwa adabu. Ndani Fundi akasimamisha cherehani. Kondoo wakaanza. Mkwe wangu akafumba macho. Nikamsimulia, ili apate kitu cha kusikiliza, jinsi tulivyokuwa tukichunga tukiwa watoto, na jinsi baba yangu alivyokuwa akisema kondoo ana matumbo manne na yote yana maoni. Sijui kama ni kweli alisema hivyo au nimemtungia, lakini mkwe wangu alicheka, na tulipomaliza kucheka, Kofia alikuwa ameshalala akicheua. Hatukuona alipoacha kulia.

"Amenyamaza," mkwe wangu akanong'ona.

"Usimsifu. Atasikia."

Kuanzia hapo alileta kabichi kwa mlango wa mbele, kama mtu mwema.

Muuguzi alirudi mwisho wa wiki asubuhi na mapema, na begi lake la kulalia. Aliingia kwake bila kutusemesha. Fundi alikuwa na kitambaa chini ya sindano, gauni la yule mwalimu wa chekechea. Alishona pindo lote la chini. Kisha akanitazama. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa uani, nawaona wote, yeye mbele na kondoo nyuma.

"Nisimame?" aliuliza kwa midomo tu.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akainua miguu. Gurudumu likazunguka lenyewe, likapungua, likasimama.

Shangazi akainua kichwa. Masikio yakaenda mbele. Akafungua mdomo, nikaona meno yake ya chini, na moyo wangu ukasimama pamoja na gurudumu. Akaupeleka utaya upande mmoja. Akaurudisha. Alikuwa anacheua. Wale watatu walimwangalia yeye kwanza, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wao, na walipoona hana habari, Bwana Mkubwa akajikuna kwenye nguzo, na ikawa basi.

Fundi aliweka uso wake juu ya gauni la watu, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka. Nilimwacha.

Siku hiyo sikuwalisha mapema. Niliogopa kuinua hata unyayo. Nilikaa nao kimya mpaka alasiri, niliposikia dirisha la Muuguzi linasukumwa, lile linalolia kwenye bawaba, nikajua ameamka mwenyewe kwa muda wake. Hapo ndipo nikamimina pumba. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Nilikuwa namtunzia usingizi. Sikuwa na nia nyingine. Tungesema nimejifunza, sivyo? Bibi mzima, ameumwa na jambo hili mara moja.

Ijumaa moja Muuguzi alichelewa kuamka. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia ndani kabisa, dirisha limefungwa. Nikatoka na karai nione wanaendeleaje. Niliwakuta wanne wote wamejipanga chini ya ule ukuta, bega kwa bega, vichwa juu, wanaliangalia dirisha. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyetikisika ila masikio. Walikuwa wanasubiri kama watu kwenye kituo, wenye hakika kwamba gari litafika.

"Mungu wangu," nikasema peke yangu. "Tumeingia tena."

Bawaba ikalia. Dirisha likafunguka, na Muuguzi akatoa kichwa, nywele zimesimama upande mmoja, alama ya mto shavuni. Na wanne wale wakafungua midomo kwa pamoja wakamlilia yeye.

Alirudi ndani nusu, kisha akatoka tena. Akawaangalia. Akaniangalia mimi na karai langu. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi, nikiyaweka kwa mpangilio, wakati yeye alipouliza:

"Mama. Wananililia mimi?"

"Wewe, mwanangu. Nisamehe. Nilikuwa nangoja uamke ndipo niwape, na wao wamenisoma. Sasa dirisha lako ndilo chakula chao."

"Nikilala?"

"Ukilala wananyamaza. Wamesimama hapo tangu adhuhuri, hata mmoja hajakohoa."

Alitia viwiko vyote viwili kwenye dirisha. Kondoo waliendelea kumwimbia, Sabuni na sauti yake iliyorudi, Shangazi mbele.

"Unajua," alisema, "mimi nikiingia mahali, watu huficha mikono wasichomwe sindano. Hata watoto wa dada yangu wananikimbia nikiwa na sare." Akamwangalia Shangazi. "Hakuna aliyewahi kufurahi hivi kwa kuwa nimeamka."

"Basi wafurahishe. Wamekungoja."

Akafunga dirisha, na wao wakanyamaza kwa mshangao. Baada ya kitambo akaingia kwa mlango wa uani, miguu mitupu. Nilimpa karai. Akataka kumimina zote mahali pamoja, nikamshika mkono.

"Tawanya. Shangazi ana kichwa kikubwa na hana aibu. Anza mbali na yeye."

Akatawanya. Akachukua jani la karoti akamshikia Kofia, vidole vimekunjana kwa woga, nikamwonyesha jinsi ya kukifanya kiganja kiwe bapa kama sahani. Kofia alilichukua taratibu kwa mdomo wake laini, na Muuguzi akavuta pumzi kama mtoto.

"Mwezi ujao naanza zamu ya mchana," alisema, akiwa bado anaangalia kiganja chake. "Nitakuwa naamka alfajiri. Dirisha litafunguka giza bado halijatoka."

"Na wao watalia alfajiri."

"Mtaa mzima utaamka."

"Utaamka."

"Sasa itakuwaje, Mama?"

Nilikaa kwenye gogo, nikasogea kidogo kumpa nafasi, na yeye, kwa kuwa si mkwe wangu, akakaa. Ndani Fundi alikuwa ameanza kushona tena. Nikamwambia kwamba tutaanza upya. Kwamba tunazo siku za kutosha kabla ya mwezi kuisha, kwamba safari hii tutafute kitu kisicho na kelele, labda rangi ya khanga, labda upande wa uani jua linapofika, na kwamba kazi ya namna hiyo haina haraka na mimi sina pa kwenda.

"Nikusaidie?" akauliza.

"Kesho uje na ndoo ya maji," nikamwambia. "Na usiwape kitu wakikuomba."